Rika Lililokuwa Chini ya Jembe

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, akina mama wa kijiji kimoja cha milimani huko Ileje walipanda msituni na majembe yao, mbele yao bibi Atuganile. Wakifika walikwangua. Walikwangua chini ya miyombo yote mikubwa, kuanzia kwenye chemchemi hadi kwenye makaburi ya waumini wa kwanza, mpaka ardhi ikabaki nyekundu na safi kama uwanja wa mtu anayengojea wakwe. Wageni waliotoka mji wa Mpemba kuja kwenye ibada ya mavuno walisema hawajawahi kuona msitu unaofanyiwa usafi namna ile. Bibi Atuganile akisikia hivyo alijifanya anafunga kilemba upya, ili wasione anavyotabasamu.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo, alikuja binti mmoja mtafiti wa misitu, jina lake Jenista. Akapangiwa kukaa kwa bibi Atuganile, kwa kuwa bibi ni mjane na ana chumba cha ziada chenye dirisha la kioo. Watson, mwenyekiti wa kijiji, ndiye aliyemkubalia kupima, na alikuwa na sababu yake. Masika yaliyopita miyombo mitatu ilianguka yenyewe, na kuna mfanyabiashara wa Tunduma aliyekwisha kuuliza habari za mbao.

"Nataka jibu moja," Watson alimwambia. "Kama msitu unakufa, tuukate sasa mbao zikiwa nzima. Alhamisi ya kabla ya usafi utatuambia mkutanoni."

Bibi Atuganile aliposikia neno kukata, sufuria aliyokuwa akiisugua ikamponyoka. Mumewe amelala kando ya makaburi yale. Na chemchemi ile ndiyo iliyowanywesha watoto wake saba.

Kesho yake akamfuata mgeni msituni. Jenista alikuwa na kekee ya kutobolea miti, ya ajabu, yenye uwazi katikati kama mrija. Aliibana kwenye shina la myombo mkubwa kuliko yote, akaanza kuizungusha taratibu.

"Hautaumia?" bibi akauliza.

"Kama ulivyochanjwa ulipokuwa mtoto, bibi. Kidonda kitaziba."

Kilichotoka humo kilikuwa kijiti chembamba kama penseli, rangi ya chai ya maziwa. Jenista akakilaza kwenye kibao chenye mfereji, akakisugua kwa msasa laini, akakilowesha kwa ncha ya kidole. Kisha akampa bibi lenzi. Looo! Mistari, mmoja baada ya mwingine, mingine imeachana, mingine imebanana kama nyuzi za kitenge.

"Kila mstari ni mwaka mmoja. Huu wa kwenye gome ni wa mwaka jana. Bibi, una miaka mingapi?"

"Sabini na mmoja."

Jenista akahesabu kwa sindano, midomo ikichezacheza, akaituliza kwenye mstari mmoja. "Hapa ndipo ulipozaliwa."

Bibi akaweka ukucha wake hapo. Hapakuwa hata nusu ya kijiti. Mbele ya ukucha palikuwa na mistari ya miaka ya mama yake, kisha ya bibi yake, kisha ya watu ambao hakuna aliyebaki wa kuwataja majina, na bado moyo wa mti haujafikiwa. Miaka yote ile aliegemea shina hili akinywa togwa, na halikumwambia kitu.

Jumanne ya wiki ya mkutano, jua likiwa linakaribia kuzama, Jenista alitandaza karatasi kwenye meza ya nje. Enesi, wifi yake bibi, naye alikuwepo, maana Enesi hapitwi na jambo.

"Kwa hiyo wewe ni nabii?" Enesi akamwuliza.

"Hapana, bibi. Mimi nahesabu tu. Nikijua leo miti ya kila rika ni mingapi, mingapi inakufa kila mwaka na mingapi inaingia, naweza kuusogeza msitu mbele. Miaka kumi, kumi mingine, mpaka wakati ambao sisi sote hatupo."

Akachora vijiguzo, kila kimoja rika lake, urefu wake wingi wa miti. Vya upande wa wazee vilikuwa virefu. Upande wa vijana palikuwa patupu. Akachora karatasi ya pili, miaka thelathini mbele: vijiguzo vimesogea upande wa uzee na kupungua. Ya tatu, miaka sitini: vimebaki viwili, vifupi. Karatasi ya nne, ya miaka tisini, hakuchora kitu. Aliiweka tu mezani, nyeupe, akaiwekea kikombe juu isipeperuke.

"Kijiji cha wazee watupu," Enesi akasema. "Hakuna hata wa kubeba jeneza!" Alicheka, kisha akaacha.

"Mti mdogo kuliko yote niliopima una miaka arobaini na mitatu," Jenista akasema. "Baada ya hapo hakuna. Kitu fulani kilitokea hapa. Moto? Ng'ombe?"

Enesi akatikisa kichwa. Lakini bibi Atuganile alijua. Miaka arobaini na mitatu iliyopita ndipo alipochaguliwa kiongozi wa akina mama. Kabla yake, akina mama wa zamani walifagia njia tu, kwa matawi. Yeye, kwa kupenda usafi na kuogopa nyoka, ndiye aliyesema: tuje na majembe.

Jumatano alfajiri akapanda msituni peke yake na kijembe kidogo. Miyombo ilikuwa imetoa majani mapya, mekundu kama shaba, na mwanga ulipopita juu yake hata mikono yake ikawa myekundu. Akaenda moja kwa moja kwenye jiwe lililopasuka. Pale paliishi adui yake. Alimwita Mkaidi: kichipukizi cha urefu wa kiganja, majani mawili matatu, ambacho kila Oktoba alikikata shingo na kila mwaka alikikuta. Siku zote alidhani ni mbegu nyingine imeanguka. Leo akajiuliza: mbegu gani hiyo inayolenga palepale kila mwaka?

Akapiga magoti, akachimba. Chini ya vijani vile palikuwa na shingo yenye mafundo mafundo kama vifundo vya vidole vyake mwenyewe, kila fundo kovu la jembe. Chini ya shingo, mzizi mnene kuliko kiwiko chake, unashuka. Alichimba mpaka mkono ukazama hadi begani, asione mwisho.

"Jenista wee! Njoo!" Sauti yake ilifika mpaka kijijini.

Jenista aliukata mzizi juu kidogo, akalainisha, akahesabu. "Ishirini na tisa... thelathini, thelathini na moja. Katikati pameoza, siwezi kuendelea." Akaketi chini kwenye vumbi. "Bibi, huyu si mche. Huyu ni mtu mzima aliyekaa chini ya ardhi. Mimi huandika mti ukishafika kifuani. Hawa wote sikuwaona!"

Wakapima mraba wa hatua kumi kwa kumi, wakatambaa humo kama watoto. Vichipukizi sitini na viwili.

Alhamisi ofisi ya kijiji ilijaa hadi nje.

"Mtaalamu," Watson akasema, "unakufa au haufi?"

"Nina karatasi mbili, mwenyekiti. Kwenye moja, msitu unaisha miaka tisini ijayo. Kwenye nyingine, rika jipya linainuka, na miaka tisini ijayo wajukuu wa wajukuu wenu wanakaa kivulini."

"Tofauti yake nini?"

"Jembe."

Watu wakanong'ona. "Jembe la nani?" Watson akauliza.

Bibi Atuganile akasimama, akakiweka kile kipande cha mzizi mezani na udongo wake. "Langu. Msitu ulikuwa unazaa, mimi nawakata watoto shingo na kuita usafi. Miaka arobaini na mitatu. Na bado wapo, wananingoja niache. Msiwakate wazee kwa kosa langu."

Watson akakuna kidevu. "Bibi, si wewe uliyenichapa shule ya Jumapili kwa kukanyaga maua ya kanisa?"

"Nilikuchapa, na ulistahili. Leo nichape wewe."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na Watson naye. Kura ilipopigwa kwa kunyoosha mikono, waliotaka kukata walikuwa saba. Msitu ukaachwa.

"Sasa wifi," Enesi akamchokoza njiani, "Jumamosi tuje na nini? Vijiko?"

"Mikono mitupu. Na uangalie unapokanyaga, una miguu kama mitumbwi!"

Wakaja, wakafagia njia kwa matawi, kama akina mama wa zamani.

Mvua zilipokolea, mwezi wa Desemba, bibi alikwenda kwenye jiwe lililopasuka. Alikuwa amelifukia lile shimo kwa mikono yake, kama anavyofukiwa mtu. Katikati ya udongo laini palitoka vijani viwili, vyekundu, vimekunjana bado. Akaketi kando yao, mvua ikimlowesha, akijaribu kuhesabu mbele mpaka kichipukizi hicho kiwe na unene wa kuegemewa. Hesabu ilimshinda.

"Umerudi, Mkaidi," akamwambia. "Haya, inuka. Hakuna anayekuja na jembe."