Nani Alishika Simu

...nani alishika simu, ndivyo anavyouliza yule msichana, kwa sauti iliyokauka, kutoka ndani ya mlango uliofungwa tangu jana jioni, "Mama Karambu, niambie tu, nani alishika simu?", na Karambu amesimama hapo koridoni na kikombe cha uji mkononi, uji wa wimbi wenye maziwa, bado wa moto, na atajibu nini, Mwathani, Mungu wangu, atajibu nini, yeye ndiye mama wa wageni katika chuo hiki cha ngoma na maigizo, yeye ndiye hupokea watoto wa watu pale Makutano wakishuka na masanduku yao, kutoka Burundi, kutoka Malawi, kutoka Juba, wakitetemeka kwa baridi ambayo hakuna mtu aliwaambia iko Kenya, yeye ndiye huwatafutia blanketi ya pili na kuwaonyesha mahali sabuni ni ya bei nafuu na kuwafundisha kula mukimo bila kukunja uso, wote humwita mama, na leo mama amesimama kama mwizi... "Mwambie ni Marcella," Mwalimu Riungu ananong'ona kando yake, mkuu wa chuo huyu, suti ya kahawia, pumzi ya chai, "Marcella karani aliacha kazi jana, amerudi kwao Kianjokoma kuolewa, ataumia na nini? Mwambie ni Marcella, mtoto anywe uji, tusonge mbele"... tusonge mbele, ehe, ni rahisi kwa mwalimu, si yeye, ni Karambu aliyekuwa ofisini juzi asubuhi, peke yake, na haraka zake, lori la viazi kutoka Kibirichia liko nje linapiga honi, simu ikalia, mwanaume akasema kwa Kiswahili cha mbali, naomba niongee na Ndayikengurukiye, tafadhali, ni haraka, na laini ilikuwa safi, wacha asijidanganye, alisikia jina lote tangu mwanzo mpaka mwisho, hakujisumbua kukumbuka ni la nani, akajibu kabla mtu wa watu hajaongeza neno, pole sana baba, hapa hakuna mtu wa jina hilo, akaweka simu chini, akatoka kugombana na mwenye lori kwa kuleta viazi vidogo vidogo, na mchana akala akashiba.

Akashiba! na kumbe huko Burundi nyanya ya msichana alikuwa amelala kitandani, karibu kufa, akiomba asikie sauti moja tu, siku nzima akiomba, na jana jioni yule mwanaume, mjomba wa msichana, akapiga tena, safari hii akawa mwerevu, hakutaja jina, akamwambia Mwalimu Riungu niitie yule msichana wenu wa Burundi, mpiga ngoma, msichana akaitwa, akasikiliza, nyanya ameshafariki, hakulia, aliuliza tu mbona hamkunipigia mapema, na mjomba akamwambia tulipiga, mwanangu, wakasema haupo... haupo, na alikuwapo, alikuwa ukumbini hapo nyuma ya ofisi, angeitwa kwa kupaza sauti tu angesikia, lakini ni nani katika chuo hiki angeita Ndayikengurukiye, nani, wote wanamjua kwa jina la Ntinyari, na ni nani aliyempa Ntinyari kama si wewe, Karambu, na mila zako, kwenu Kibirichia mgeni wa kukaa hupewa jina, na jina haliokotwi hewani, lazima liwe la mtu wa ukoo, ndiyo mgeni apate shangazi na mjomba na mahali pa kuulizwa umekula, ukipewa jina la nyanya yangu nitakuita nyanya hata kama una meno ya maziwa, na tangu aanze kazi hii amewapa majina wote, yule kijana wa Malawi ni Mwongera, jina la kaka yake, na anafurahi nalo, ukimwita hata usingizini anaitika, hakuna ubaya, kulikuwa na ubaya gani... siku ile ya kupokea wageni msichana alisimama akataja jina lake na ukumbi mzima ukacheka, na Karambu akachekesha zaidi, hilo ni jina ama ni barabara ya Marsabit, mtu hafiki mwisho? na msichana naye akacheka, ama hakucheka, fikiria vizuri, mama, alicheka kweli? alisema polepole ni nyanya yangu alinipa, nyanya huyo huyo, kwao msichana hagusi ngoma, hairuhusiwi, na nyanya ndiye aliyemwambia nenda ukaipige mahali inaporuhusiwa, na Karambu akasema, hapa kwetu wewe ni Ntinyari, akalitoa lile jina alilokuwa amemnyima kila mgeni miaka yote, la binti yake wa kumzaa, akalitoa kwa sababu msichana alikuwa na shingo ile ile na ile namna ya kusimama na mguu mmoja mbele, na tangu hapo utamu ulioje, kufungua kinywa kwenye mlango wa jikoni na kuita, Ntinyari, njoo ule! na mtu anakuja, ai, mtu anakuja kweli, anasema naam mama.

Ndani zipu inafungwa, inakwama, inafungwa, ni ya begi, anaondoka, Misheck dereva ameshawasha gari la chuo, linanguruma uani, na ukumbini ngoma zinapigwa bila yeye, zinasikika zina pengo, "Karambu, unangoja nini, sema Marcella," na kweli ni neno moja tu, akilisema msichana atamlaani mtu asiye na kosa, atafungua mlango, atalia kwenye kifua hiki hiki, atakaa, na akisema ukweli ataondoka, na nani tena ataitika mlangoni pa jikoni, hakuna, hakuna mwingine, amechoka kuita jina lisiloitikiwa, sema basi, sema Marcella, na anafungua kinywa... na kinachomjia akilini ni posta ya Makutano, kile kibanda cha simu chenye harufu ya chuma, sauti ya binti yake kutoka huko Ghuba, Uarabuni, alikokwenda kucheza ngoma hotelini, Mami, huku wananiita Tina, wanasema Ntinyari ni ngumu, juzi mtu kaniita Ntinyari sikugeuka, unaona maajabu? akicheka, na haikuja simu nyingine baada ya hiyo, mwezi, mwaka, mpaka Karambu akaitafuta namba ya hoteli akapiga yeye mwenyewe kwenye kile kibanda, akasema mimi ni mama yake Ntinyari, na mwanaume akajibu, hata hakuwa mkali, alikuwa na adabu, nyuma yake sufuria zinagongana, pole sana mama, hapa hakuna mtu wa jina hilo, akakata... akakata, na kila Jumapili Karambu hupiga magoti kanisani akamwomba Mungu aukaushe ulimi wa mtu yule, miaka yote hiyo, Mungu wangu, na labda alikuwa tu na haraka zake, labda kulikuwa na lori la viazi nje.

"Mama? Bado uko hapo?" sauti inauliza, na Riungu anamgusa kiwiko, na uji haujapoa, umeanza tu kushika ngozi juu, na mlango ni ule ule, umefungwa, na Karambu anaweka paji la uso kwenye mbao, anaanza, Ndayi... ulimi unateleza, anaanza tena kutoka mwanzo, hakimbii, jina lote alilopewa mtoto na nyanya yake, "Ndayikengurukiye," anasema, "ni mimi. Mimi ndiye nilishika simu."