Anayemsengenya Mwanakuu

Sikio la Mwanakuu lilianza kulia mbele ya watu, katikati ya mazoezi ya ngoma ya vugo, uani kwangu Bondeni, na sote tukamwona akilishika kama aliyeumwa na siafu. Alishusha pembe yake mapajani, akaukata wimbo. Ukabaki kiwiliwili bila kichwa, maana yeye ndiye aliyekuwa mtoa wimbo, na sisi wengine kazi yetu ni kugonga pembe na kuitikia.

"Sikio lalia tena," alisema. "Haki ya Mungu, kuna mtu ananisengenya."

Na jicho lake likaenda moja kwa moja kwa Lamis, msaidizi wake.

Mimi Mama Faiz nilitamani ardhi ipasuke. Mwanangu wa pekee, jamani! Ijumaa ile, baada ya sala ya alasiri, akina mama walikuwa wapite vichochoro vyote vya Mji wa Kale na pembe zao, wautangazie mji kwamba Faiz anaoa. Nimeingoja siku hiyo tangu alipokuwa ananyonya. Na sasa mtoa wimbo wangu amemnunia msaidizi wake, wanawake wawili waliosoma chuo kimoja cha Kurani na kula sahani moja tangu wadogo. Vugo bila wawili hao ni kelele za pembe tu, haina maana.

Kwetu, sikio likilia huendi mbali kutafuta sababu. Unamswalia Mtume, kisha unajiuliza ni nani anayekutaja. Likiwa la mkono wa kulia, unatajwa kwa heri. Likiwa la kushoto, haya, kila mtu aujua mtaa wake. La Mwanakuu lilikuwa la kushoto, na halikukosa kulia jioni hata moja, isipokuwa siku ya Ijumaa.

Tena alikuwa na ushahidi wake. Siku zile alikuwa akichelewa kuupokea wimbo. Pembe zinapita, yeye bado yuko nyuma, na akina mama wengine wakaanza kukonyezana kwamba labda Lamis ashike nafasi ile. Na Lamis naye, badala ya kukaa mahali pake, alihamia ubavuni mwa Mwanakuu, kushoto, akawa anapaza sauti karibu na shavu lake.

"Waona anavyonifunika?" Mwanakuu aliniambia jikoni, machozi yako karibu. "Ataka nionekane sijui. Wimbo huu nimeachiwa na nyanya yangu, Mama Faiz. Wakinipokonya, mimi nabaki nani?"

Nilimpa chai.

Sasa niwaambie kazi yake, maana ndiko mambo yalikolala. Mwanakuu anapeleka leso kwa pikipiki. Duka la Biashara Street likiuza leso za maharusi wa Kisauni, Bamburi au Mtwapa, yeye ndiye anayefunga mzigo na kuuvusha daraja la Nyali, kila siku isipokuwa Ijumaa. Wanaume walimcheka mwanzoni. Walipomwona anavyoipinda pikipiki ile kati ya malori, vicheko viliwakauka. Ana kasoro moja tu, na kasoro yenyewe ni ushungi. Hataki ushungi wake upondeke! Ndipo akanunua helmeti kubwa kuliko kichwa chake, ikae juu ya mikunjo bila kuigusa, na kioo cha mbele akakiacha wazi daima, ati apate hewa. Upepo wa darajani ukawa unaingia chini ya kidevu, upande wa kushoto ukanda ulikolegea, unazunguka humo ndani na kunguruma, naye akauzoea.

Jumatano, pembe za ziada zilikuwa kwa shangazi yangu Kisauni, na gari tuliloahidiwa halikutokea. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanakuu, washa pikipiki. Lamis, panda nyuma ushike gunia."

"Nimpakie huyu?"

"Huyo huyo."

"Mama Faiz, mimi sitaki."

"Wataka mwanangu aoe kimya kimya kama aliyeiba mke wa mtu? Washa pikipiki!"

Wakaenda wamenuna, kila mmoja anatazama upande wake. Lamis alivaa helmeti ya akiba, pana vile vile. Nilikaa barazani nikihesabu tasbihi na kumwomba Mola wasirushane baharini.

Walirudi salama. Lamis alishuka na gunia lake, akavua helmeti, akatia kidole sikioni na kukitikisa. Akatia cha pili sikio la pili. Kisha akaniangalia kwa hasira ya kweli.

"Mama Faiz, masikio yangu yalia. Yote mawili! Nani ananisengenya mimi?"

Mwanakuu alikuwa ameshika ufunguo mkononi. Akageuka polepole.

"Yalia vipi?"

"Wiiii, kama mbu aliyekwama. Na sauti zenu nazisikia kwa mbali, kama niko ndani ya mtungi."

"Langu ndivyo linavyolia."

"Basi ni nani huyo anayetusengenya sote wawili kwa wakati mmoja? Hata mlangoni hatujafika!"

Nilicheka. Naapa nilijizuia, lakini kicheko kilinishinda, nikashika nguzo ya baraza. Lamis naye akaanza kutabasamu. Mwanakuu peke yake hakucheka. Aliketi kwenye kizingiti na buibui lake, akawa anapanga jambo kichwani, na uso wake ulikuwa ukibadilika tukiuona.

"Ijumaa halilii," alisema. "Ijumaa sipeleki mizigo. Lamis, ni upepo. Ya Rabi, ni upepo!"

Lamis akaketi kando yake.

"Mimi nilijua husikii vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Niliona pembe yangu huipati. Ndiyo sababu nikahamia upande huo, ili upate mahali pa kushika. Niliogopa kukwambia. Ungesema nataka wimbo wako."

"Ningesema," Mwanakuu akakiri. "Nimeshasema, mwenzangu. Nimewaambia watu."

"Najua. Mji huu mdogo."

Mwanakuu akamlalia begani akalia, na mimi nikaingia ndani kujifanya natafuta chumvi.

Kesho yake alikwenda kwa daktari wa masikio, nami nikamfuata. Alifungiwa chumba kimya, akavishwa vidude vya kusikilizia, akatakiwa ainue mkono kila asikiapo mlio. Nilimtazama kupitia kioo. Palikuwa na wakati mrefu ambapo mkono haukuinuka. Daktari, kijana mpole, alisema bila kuficha: sikio la kushoto limepoteza kidogo, na kilichopotea hakirudi. Kilichobaki ni kingi, na chaweza kulindwa, ila aanze leo.

"Leo nitaanza," Mwanakuu alisema kabla daktari hajamaliza. "Sasa hivi nitaanza!"

Ah, mngemwona! Mtu aliyeingia pale ananyata, alitoka mbio. Tulimpitia Lamis, tukaenda kwa Kaingu, mwenye bodaboda pale stendi ya Bondeni, mwanamume ambaye ukiongea naye lazima usimame upande wake wa kulia, ndipo asikie.

"Tikisa kichwa," Kaingu alimwambia kwa sauti ya juu. "Umeona? Kichwa chaenda, helmeti yabaki. Hiyo si yako, dada, hiyo ni ya jirani."

Akampa nyingine, inayombana mashavu. Mwanakuu akabadilisha ushungi mzito kwa kitambaa chepesi kilichoshika kichwa, akakaza ukanda, akateremsha kioo. Bado palikuwa na uwazi shingoni. Lamis ndiye aliyevua leso yake mabegani, akamzungushia shingo na kuichomeka vizuri chini ya kidevu.

"Hapa hata sindano haipiti," alisema, akipiga hatua nyuma amwangalie.

Kisha vizibo vya masikio: visponji laini vya rangi ya chungwa kutoka duka la dawa. Unakisokota mpaka kiwe chembamba, unavuta sikio juu, unakiingiza, unakishikilia hadi kitutumke. Mwanakuu alisita.

"Na honi za malori? Si nitagongwa?"

"Wewe honi hukuzisikia hapo awali," Kaingu alisema. "Ulisikia upepo. Punguza upepo, usikie honi. Mimi ningeambiwa haya mapema, leo nisingekuwa napigiwa kelele na mke wangu."

Lamis hakungoja kualikwa, alipanda nyuma. Walikwenda mpaka darajani, na habari za huko nimezipata kwa wote wawili, tena kwa kupokezana, maana hakuna aliyemwacha mwenzake amalize. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma kwa nguvu. Mwanakuu akajikaza kuungoja ule mngurumo, na mngurumo ukaja umepoa, uko nje huko unabisha hodi tu. Akasikia injini yake. Akasikia mnyororo unataka mafuta! Lori likapiga honi nyuma, akajitenga pembeni lipite, bila kushtuka. Ndipo Lamis, kidevu begani kwake, akaanza kuimba kiitikio.

"Nakusikia!" Mwanakuu akapiga kelele. "Lamis, nakusikia! Endelea!"

Akaupokea wimbo pale pale juu ya maji, na wakavuka daraja wanaimba, wakageuza, wakavuka tena wanaimba. Watu wa magari waliwaona wendawazimu. Na wawaone!

Ijumaa vugo ikapita. Sitaki kuwaeleza zaidi, nitalia. Pembe zilipasua vichochoro, madirisha yakafunguka, wanawake wakapiga vigelegele kutoka ghorofani, na jina la mwanangu likatajwa kila mlango. Mwanakuu alikuwa mbele. Kabla hatujatoka alimshika Lamis mkono, akamweka mwenyewe ubavuni mwake, upande wa kushoto, mbele ya wote.

Tulipofika kwenye kona tukasimama kupumua. Pembe zikashushwa. Nilimwona Mwanakuu anapeleka mkono sikioni.

Lamis naye alimwona. "Lalia?"

"Kidogo. Daktari alisema mlio huenda ukabaki, hata nisipopanda pikipiki."

Lamis akamsogelea, akajifuta jasho kwa ncha ya leso.

"Ni mimi huyo. Nakusengenya."

"Wasema nini?"

"Nasema pembe zapoa, na mtoa wimbo amesimama tu anashika sikio."

Mwanakuu akacheka mpaka ushungi ukamlegea. Akainua pembe yake, akatoa wimbo, nasi tukaitikia.