Risau Moja, Bega la Kushoto
…sijui kwa nini ananiuliza mara ya pili, pini za mtandio nimetoa, bangili nimetoa, wanja nimefuta kwa maji mpaka macho yananiwasha, kumbe hata wanja huwa una madini, nani angejua, na huyu msichana wa Kikenya, Wambui, jina lake limeandikwa kifuani, kashika karatasi yake na kalamu, "Mama, kwa mwili uko na chuma yoyote? Hata kipande kidogo tu?" nami nasema chuma gani, kama sikusikia, ili nipate nafasi ya kufikiri, "Sumaku ya hii mashine ni kali sana, Mama, chuma ikiwa ndani inaweza kusonga, ama ipate moto, so lazima tujue kwanza," inaweza kusonga, isonge iende wapi, miaka thelathini na tisa imelala hapa begani, chini ya mtulinga, ndogo kama punje ya mtama, na mume wangu Vuai kakaa ubavuni mwangu na koti langu mapajani, basi niseme hapana, hapana moja tu yatosha… lakini nikisema hapana halafu ikasonga, mkono wenyewe wa kushoto ushaanza kufa ganzi, ndiyo maana daktari kanileta huku hospitali ya Lewisham nipigwe picha ya shingo, na nikisema ipo nitaulizwa iliingiaje, na Vuai atasikia, Vuai niliyemwambia wiki ya harusi yetu kwamba kovu hili la jipu, lilitumbuliwa vibaya, akasema haya, akalipapasa kwa kidole, hakuuliza tena… mama ndiye aliyenifunza, nina miaka kumi na saba, Mapinduzi yana siku mbili, tumejifungia jikoni, mara mlio, marisau yakapasua mlango, nikaona kanga ya mama nyekundu nikadhani kaumia yeye, kumbe damu yangu, akayatoa mwenyewe kwa kibano, moja likakataa, akanambia ukiulizwa sema jipu, maana siku zile ukionekana na jeraha la risasi utaulizwa ulikuwa upande gani, na miaka minne baadaye Vuai alipokuja kuposa, kijana wa chama, mama akaninong'oneza, wenziwe huyu ndio waliobeba bunduki, usimwambie kamwe, nami nikampenda na sikumwambia, yote mawili, siku zote… "Mama, umenielewa? Hata kama ni ya zamani, hakuna shida, niambie tu," nimekuelewa mwanangu, nafungua mdomo, "Mimi…" na hapo Vuai anakohoa, "Analo," anasema, "risau moja, bega la kushoto."

Nani kasema, yeye? Wambui kaacha kuandika, "Risau ni nini, mzee?" "Risasi ndogo ndogo, za bunduki ya kuwindia ndege," "Aa, basi Mama haingii kwa mashine saa hii, kwanza tupige eksirei tuone imekaa wapi," kaondoka, mlango unajifunga polepole, na kajuaje, kajuaje, mama hakumwambia, mama kafa hamwamini, au alilihisi chini ya ngozi siku ile ya kidole, lakini angejuaje kuwa ni risau… "Umejuaje, Vuai?" namuuliza ukuta, simtazami, analikunja koti langu, analikunjua, "Nilikuwapo," "Wapi?" "Nje ya mlango wenu. Bunduki ilikuwa ya mwenzangu, nilimshika mkono, nikachelewa," kachelewa, alimshika mkono au mkono wenyewe ulikuwa wake, nitamwuliza nani, kila aliyekuwapo keshakufa, alikuja kuniposa kwa kunipenda au kwa kunionea huruma, na uji alionipikia nilipojifungua, na miaka yote aliyoamka kabla yangu anitilie maji ya moto, ulikuwa wa nani uji ule, wangu au wa risau hili, nami najidai mwerevu, najifunika bega nikivua nguo, kumbe ananitazama nikijifunika, kila siku, kimya, nimwogope yeye asijue, aniogope mimi nisijue, sijui nimekasirika, sijui nimetua mzigo… "Mama, eksirei iko hapo tu, tunaenda na mzee ama uko sawa peke yako?" Wambui kasimama mlangoni, Vuai kanyanyuka nusu, hajui akae au asimame, koti langu kalikumbatia, mzee mzima, "Peke yangu," nasema, na kabla neno halijatoka lote nishamnyoshea Vuai mkono wa kulia aniinue.