Wimbo wa Mwaka wa Kwanza

Jumanne alasiri, ndani ya ghala la mbata pale Bongwe, wanamuziki wa Bongwe Jazi walipiga wimbo mzima bila kutoa sauti hata moja, na kiongozi wao akawasifu.

Vidole vilitembea juu ya nyuzi bila kuzigusa. Chome, mpiga ngoma, alishusha mikono kwa nguvu na kuizuia karibu na ngozi. Kibwana alituna mashavu nyuma ya tarumbeta hadi macho yakamtoka, na pumzi haikupita. Mzee Alfani Mwero alisimama mbele yao, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa mabati kama ilivyokuwa desturi yake, mkono wa kulia ukipanda na kushuka.

"Hapo sawa!" akasema walipomaliza. "Kibwana, leo umenifurahisha. Kenga, punguza gitaa kidogo, unamfunika mwenzako."

Lo! Hapo ndipo waliposhindwa kujizuia. Chome aliinama nyuma ya ngoma, mabega yakimcheza kwa kicheko. Kenga peke yake ndiye aliyebaki na uso mkavu.

"Haya, Mwalimu," akajibu, "nitapunguza."

Watu wazima hao, wenye wake na watoto! Na kila mmoja wao alifundishwa na mzee huyo huyo. Tena hakuwafundisha kwa karatasi, maana nota hakuzijua. Alitunga kwa mdomo. Alimwita mmoja, akamwimbia sehemu yake mpaka ikamkaa, kisha akamwita wa pili. Kila mtu alishika kipande chake. Wimbo mzima aliujua Alfani na mkewe Mbeyu, basi.

Masikio yake yaliharibiwa na mizinga kule Burma, alikokwenda vitani. Yalipungua mwaka hadi mwaka, na kufikia huu wa sitini na nne yalikuwa yamebakia kidogo sana. Bendi alikuwa akiisikia kwa mgongo: besi na ngoma zilipoingia, mabati yalitetemeka. Jumanne ile mabati hayakutetemeka. Alilihisi hilo, akaogopa. Hakuwashuku wenzake hata kidogo. Alidhani ni yeye, kwamba hata kile kidogo alichobakiwa nacho kimekwenda. Ndiyo maana aliharakisha kusifu, akatafuta na kosa la kusahihisha, wasije wakamgundua. Walikwisha kumgundua zamani, masikini.

Nyumbani alimweleza Mbeyu. Siku hizo kuzungumza na Alfani kulitaka umkaribie sikio la kulia na upaze sauti hasa.

"Waambie, Baba Mwanasha!" Mbeyu alisema. "Kenga aongoze, wewe ukae pembeni. Wimbo utabaki kuwa wako."

"Wimbo wangu aongoze mtu mwingine?" Alfani alimtazama kama aliyetukanwa. "Miaka kumi na saba nimepiga nyimbo za watu kwenye harusi za watu. Mara moja tu, Mbeyu. Mara moja nisimame mbele ya umati na kitu nilichokitunga mwenyewe. Kisha waichukue bendi yao, na jina lake, nami nitashukuru."

Mbeyu hakubisha tena. Yeye ndiye aliyeujua wimbo ule ulivyozaliwa. Kamati ya sherehe kule Kwale ilikuwa imetaka kila bendi ilete wimbo mpya wa kutimiza mwaka mmoja wa Uhuru, na kwa miezi mitatu Alfani aliimba kwa kuguna huku Mbeyu akikuna nazi. Sauti ilipompotea, mkewe alisimamisha mbuzi ya kukunia na kumrudisha kwenye wimbo. Wimbo ulianza polepole, kayamba peke yake. Kisha gitaa moja, halafu la pili. Na mwisho kabisa, baada ya watu kukata tamaa ya kulisikia, tarumbeta. Mara ya kwanza sehemu hiyo ilipokaa sawa, Mbeyu alilia, akasingizia moshi.

Kenga naye alikuwa na wimbo wake wa twisti, ile dansi ya kizungu ya kujinyonga viuno. Jumamosi alipigia wageni kwenye hoteli moja ya Diani, na huko ndiko alikojifunza kuwa mambo ya kayamba yamepitwa na wakati. Mara mbili alimwomba Alfani waipeleke twisti Kwale. Mara mbili alikataliwa, na mara ya pili mbele ya wenzake.

Tarehe kumi na mbili Disemba lori liliwapandisha Kwale, wanamuziki na wake zao. Uwanja ulijaa. Wakubwa walikaa chini ya turubai. Bwana Abdurahman wa kamati alilitangaza jina la wimbo kwenye kipaza sauti, kisha akamwashiria Alfani. Mzee alikuwa amevaa koti jeusi alilooa nalo. Alisimama kwenye nyasi, nyuma yake hakuna ukuta wala mabati. Akamwelekea mtu wa kayamba, akainua mkono, akaushusha taratibu, kisha akaugeukia umati.

Umati uliruka.

Mwanzoni alifurahi. Halafu akaitazama miguu ya watu. Wanawake walikuwa wakijinyonga viuno na kusugua nyasi kwa visigino, haraka haraka, na wimbo wake ulikuwa bado katika kayamba peke yake! Akageuza macho kwenye bendi. Kayamba lilikuwa chini, mwenyewe akipiga makofi. Kibwana ameliweka tarumbeta gotini. Katikati yao Kenga, macho amefumba, anapiga gitaa kwa raha zake.

Ndipo yakamjia mabati ya Jumanne, na mabega ya Chome, na yote, akaelewa kuwa walimchezea.

Angeweza kuushusha mkono akaondoka. Lakini wakubwa wangeuliza, na wangeambiwa mbele ya uwanja mzima kwamba kiongozi ni kiziwi, hajui bendi yake inapiga nini. Basi aliikazia macho miguu ya wachezaji, akaharakisha mkono mpaka ukaenda nayo. Aliwaongoza. Aliiongoza twisti ya Kenga hadi mwisho, jasho likimtiririka ndani ya koti, na miguu iliposimama naye akasimama. Watu walishangilia. Bwana Abdurahman alimpita, akaenda kumpa mkono Kenga.

Jioni, ndani ya lori, walikaa wote pamoja, magoti yakigusana. Alfani alimgeukia mkewe. Kama viziwi wengi, hakujua sauti yake mwenyewe ilivyokuwa kubwa.

"Walipigaje?" akauliza, kama mtu asiyejua lolote.

Mbeyu alimtazama Kenga, kisha Kibwana. Kibwana aliangalia barabara. Mbeyu akalisogelea sikio la mumewe, na kwa kuwa sauti ndogo isingefika, ilimbidi apige kelele, lori zima likimsikia:

"Walipiga vizuri! Kama ulivyotunga!"

Chome akaguna kicheko. Mtu fulani akamkanyaga anyamaze.

"Na tarumbeta?" Alfani akauliza tena. "Liliingia?"

"Liliingia!" Mbeyu alipiga kelele, machozi yakimfika midomoni. "Liliingia pale pale, Baba Mwanasha! Watu walilia!"

Kenga alifunika uso kwa kofia, tumbo likimtikisika kwa kicheko. Lori likaanza kushuka kuelekea Kombani, na Mbeyu akaendelea kumsimulia kwa sauti ya juu jinsi gitaa la kwanza lilivyoingia, na la pili, na kila alipomaliza sehemu, Alfani aliitikia kwa kichwa.