Mgeni Aliyeingia Kutoka Tukuyu

Ambokile analala akiwa ameketi, kidole kikiwa juu ya kitufe, na huo ndio upumbavu wake wa kwanza wa Jumamosi hii. Mvua ya Mbeya inapiga bati la stoo tangu adhuhuri, na ndani ya stoo hiyo, ambamo watu wenye akili zao huweka magunia ya mahindi, yeye ameweka mashine zake: seva mbili alizozinunua ofisi fulani ilipofungwa, ruta, betri za kubeba mzigo umeme ukikatika, na nyaya zilizopangwa kwa rangi na kufungwa vizuri kuliko nywele za bibi harusi. Kazi yake ya kumpa ugali ni kuandika programu. Hizi mashine ni mapenzi. Picha za familia ziko humu, nyimbo za kwaya ziko humu, vyeti viko humu, na ole wako umshauri akaviweke kwenye mashine za watu asiowajua, atakuhubiria mpaka chai ipoe. Mkewe Atupele alipokubali naye kuleta vitu vyake, alitoa sharti moja tu. Baba Lusajo, chumba changu humo ndani ya mashine usikifungue. Ambokile akaapa. Mwenye seva ana uwezo wa kufungua kila kitu, na Atupele alilijua hilo, ndiyo maana alitaka kiapo.

Sasa kiapo kinamkaba. Wiki kadhaa zilizopita aliona kwenye skrini jina la mtumiaji ambalo hakuliumba yeye: Mgeni. Mgeni huingia kwa mtandao kutoka Tukuyu, huenda moja kwa moja kwenye chumba cha Atupele, hukaa humo kwa muda mrefu, hutoka. Tena huingia siku zile zile Atupele anapokwenda Tukuyu kumsalimia mama yake. Na Tukuyu yuko Gwakisa, mwenye duka la simu, aliyewahi kumchumbia Atupele kabla Ambokile hajatokea, mwanamume mrefu mwenye sauti nzuri na meno ambayo Mungu aliyapanga akiwa na nafasi. Ambokile hajauliza. Angeuliza angejibiwa, lakini wivu una kiburi, hautaki kujibiwa, unataka kufumania. Leo Atupele ametoka asubuhi na mtoto kwenda Tukuyu, na Mgeni yumo ndani, taa ya ruta inamkonyeza Ambokile. Ameandika amri ya kufunga milango yote ya seva. Mgeni akishatupwa nje, yeye atakifungua kile chumba na kujua anavyoibiwa. Anasubiri ujasiri umalize kumjia. Feni za mashine zinavuma, joto lao linapanda magotini, mvua inasema neno moja bila kuchoka, kidevu kinashuka kifuani.

Na kidevu kinaendelea kushuka, kinapita kifua, kinapita kiti, sakafu inampisha, naye yuko barabarani. Barabara ni ya bluu, laini, haina vumbi wala mtaro, na pembeni yake kuna barabara nyingine ya manjano, na nyingine nyeupe, zote zinakwenda pamoja kisha zinaachana bila kuagana. Anaifahamu rangi hii ya bluu. Ni waya aliouvuta mwenyewe juu ya dari akipiga chafya, na sasa anatembea ndani yake, au juu yake, hilo halieleweki na yeye haulizi, maana kuna mtu mbele. Mtu huyo amevaa koti la mvua, na chini ya kofia ya koti hakuna macho, hakuna pua, hakuna mdomo, pako laini tu pote, na bado unajua kuwa anakutazama. Shikamoo, anasema Ambokile, kwa sababu mtu asiye na uso huwezi kukadiria umri wake. Marahaba, anajibu yule. Unamtafuta nani? Namtafuta mgeni anayeingia kwa mke wangu. Aa, huyo. Namjua sana, nampisha kila siku. Kitendawili!

Tega, anasema Ambokile kabla hajafikiri, mdomo umejibu wenyewe, umezoea tangu utoto. Yule asiye na uso anatega: Ana ufunguo wa nyumba yako, akicheka mkeo naye hucheka, na siku ukimfukuza wewe huna pa kulala. Gwakisa, anasema Ambokile, na jina hilo linamtoka likiwa chungu. Siye. Mwenye nyumba anayetudai kodi? Siye, na wewe nawe una mawazo mafupi. Basi sijui. Hujui? Nipe mji. Ndivyo sheria ilivyo, aliyeshindwa hutoa mji, kila mtoto anajua, na hakuna mtoto aliyewahi kupata hasara kwa hilo. Nakupa Makambako, anasema Ambokile kwa haraka ya mtu anayelipa nauli apite. Mbali sana kule, upande wa kulia, taa nyingi ambazo hakuwa ameziona zinazimika kwa pamoja, na barabara ya manjano inajikunja na kuondoka.

Anataka kugeuka, lakini wivu unamsukuma kwa nyuma. Nimekwenda Makambako, anasema asiye na uso, nimekula, nimelala, sikushiba. Nipe mji mwingine. Nakupa Kyela. Taa zinazimika, harufu ya mpunga inapita na kuisha. Nimekwenda Kyela, nimeoga ziwani, nimerudi. Mwingine. Nakupa Tukuyu! anapaza sauti Ambokile, na huo anautoa kwa furaha mbaya, na duka la simu liende nalo, na yale meno yaende nayo. Tukuyu inazimika na migomba yake yote. Baadaye ndipo anapokumbuka kwamba mama mkwe yuko kule, na mtoto yuko kule, na Atupele. Anataka kuomba irudishwe, lakini anasikia wivu ukimwambia, ukishajua jibu utaidai yote, usirudi nyuma ukiwa umefika karibu hivi. Basi anatoa tena, miji aliyoisoma, miji aliyoipita, mpaka imebaki barabara moja ya bluu na mwisho wake mji mmoja.

Mji huo ni nyumba zenye kuta za kioo, na katika kila ukuta imo nyumba yake. Ile ile, yenye mlango wa kijani na ngazi tatu, ikijitazama katika nyumba ya pili ambayo nayo inajitazama katika ya tatu. Anapita mtaa, anakutana na nyumba yake. Anakata kona, nyumba yake inamsubiri. Na katika zote dirisha la chumba cha kulia linawaka, na katika zote Atupele ameketi mezani akiegemeza shavu kiganjani, anacheka. Si kicheko cha kumstahi mtu. Ni kile cha kufumba macho na kupiga meza, kicheko ambacho Ambokile hajakisikia siku nyingi hata alidhani umri umekichukua. Kumbe kipo. Kipo, kinatumika, kwa mtu mwingine. Mbele ya Atupele ameketi mwanamume aliyewapa mgongo walioko nje, anasimulia jambo kwa mikono yote miwili. Ambokile anasema wazi, katika mtaa ule usio na mtu, naona wivu, naona wivu, nitamuua.

Nipe na huu, anasema asiye na uso, nikuambie jibu. Kwanza nifunge milango, anasema Ambokile, asije akatoroka. Anafurahi kuona kwamba hata huku amri zake zinatii. Fungeni milango yote, anaamuru, asiingie mtu, na atakayepiga hodi asijibiwe, asiambiwe karibu wala asiambiwe nenda, akae na kimya chake! Milango ya kijani inajifunga mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine, vizuri kabisa, kazi safi. Kazi safi mno. Kila aliyewahi kulinda mashine kwa mbali analijua kosa hili na huliona aibu kulisema: unajenga ukuta, unaukagua, unaupenda, halafu unagundua uliujenga ukiwa upande wa nje. Kabla ya kufunga wote ulitakiwa kuacha upenyo wako mwenyewe. Ambokile anajua hivyo. Amewafundisha vijana wengine hivyo, kwa majivuno. Anasimama kwenye ngazi ya tatu na kupiga hodi.

Kimya. Hodi! Hodi humu ndani! Ni mimi! Hakuna anayegeuka, kwa kuwa amri ni nzuri na wanaitii. Anampa asiye na uso mji ule wa mwisho, akimsihi amfungulie, na yule anaupokea, anasema nimekwenda, nimekaa, nimeridhika, jibu liko dirishani. Ambokile anabandika kiganja kwenye kioo. Ndani, mwanamume anainuka kuchukua maji, anageuka, na uso ule Ambokile anaujua kwa kunyoa ndevu zake kila asubuhi. Ni yeye. Ni Ambokile mwembamba wa zamani mwenye shati la mistari, aliyekuwa akimsimulia Atupele vituko vya wahadhiri mpaka salio la simu liishe, asiye na seva hata moja. Mwenye nyumba ni mimi, anapiga kelele aliye nje. Mwenye nyumba yumo, anakula, anasema asiye na uso kwa upole. Wewe nani? Ambokile anatazama taswira yake kwenye kioo ili aonyeshe uso wake kama ushahidi, na pale pa uso pako laini tu pote.

Anaamka kwa kuguswa bega. Mvua imekatika. Atupele amesimama juu yake, kanga mabegani, matope kwenye viatu, mtoto kamwacha kwa bibi yake. Kwenye skrini amri imekwishatekelezwa, bila shaka kidole kililala juu ya kitufe, na mashine zote zimefungwa, hata yeye mwenyewe zinamkataa. Umenifungia nje, Baba Lusajo, anasema Atupele. Nilikuwa nasikiliza, ikakatika katikati. Mgeni ni nani? anauliza Ambokile, na sauti yake ni ndogo. Mgeni gani? Si ni mimi huyo, anasema Atupele. Nikiwa kwa mama natumia simu yake, nikajitengenezea jina kama ulivyonifundisha. Nasikiliza zile sauti ulizokuwa unanitumia nikiwa chuo. Za uchumba wetu. Ndizo nilizoweka kwenye chumba changu, basi.

Ambokile angepaswa kufurahi. Anangoja furaha, haiji. Kwa nini unisikilize mimi wa simu na mimi nipo hapa? Atupele anazitazama mashine, kisha anamtazama yeye, hana hasira, na hilo linauma zaidi. Yule alikuwa ananichekesha, anasema. Alikuwa ananiuliza nimeshindaje. Nammisi, Baba Lusajo. Na Ambokile, mtu mzima mwenye mke na mtoto, anamchukia yule mwembamba wa shati la mistari kuliko alivyowahi kumchukia Gwakisa. Anatafuta neno la kumwambia mkewe, hata lile dogo la umeshindaje, na kabla hajalipata, kutoka chumba cha kulia mwanamume anacheka, kicheko cha zile sauti.

Seva imefungwa. Sauti zile hakuna awezaye kuzifungua, si yeye, si Atupele, simu ya Atupele iko kimya mkononi mwake. Kicheko kinakuja tena, kirefu, na uso wa Atupele unafunguka, anageuka, anakifuata bila kuaga. Ambokile anapandisha mkono kuelekea usoni pake na kuuzuia njiani, anaogopa kugusa. Atupele, anaita, usiende kwake. Nani anayeniita huko? anauliza Atupele akiwa amekwishafika mezani, na anayeulizwa ni aliye naye mezani, si yeye.