Mlio Asiousikia Fundi

Fundi alichuchumaa nyuma ya gari la binti yake, akafumba macho, akatega sikio. Bomba la moshi lilikuwa likitetemeka hatua moja tu kutoka puani mwake, na yeye hakusikia ila kitu kama maji yapitayo mbali.

"Umeusikia huo mlio, Baba?" binti yake alipaza sauti kutoka kwenye usukani.

"Nimeusikia."

Uongo ulimtoka kwa wepesi wa mazoea. Karakana nzima ilikuwa ikimwita Sikio, maana aliujua ugonjwa wa gari kabla halijaingia getini. Alipostaafu jina lilibaki, lakini masikio yenyewe yakaanza kumtupa mkono: kwanza ndege, kisha kengele ya mlango, kisha maneno ya kila aliyempa kisogo. Hakumwambia mtu. Alijifunza kusoma midomo, kucheka wenzake wakicheka, na kuitikia palipoonekana pa kuitikia.

Binti alizima injini, akaenda kuinamia buti kupanga mabegi. Alikuwa mwalimu, amehamishiwa shule iliyo mwendo wa kutwa nzima, na mchana huo angeondoka na mtoto wake wa miaka minne. Mgongo wake ulionyesha kwamba alikuwa akisema jambo.

"Naam," alijibu fundi.

Akakaza bolti za bati la kukinga joto, ambazo kwa kweli zilikuwa zimelegea kidogo. "Haya, washa."

Binti aliwasha, akatikisa kichwa. "Bado inagonga. Na lile la mtoto je?"

"Lipi?"

"Si nimekuambia sasa hivi, ukaitikia? Tukisafiri mbali analalamika kichwa, kisha analala fofofo, hata kumwamsha ni kazi."

Mjukuu alikuwa kwenye kiti cha nyuma, akimvua mwanasesere viatu.

"Zima! Mtoe mtoto humo!" fundi alifoka. "Moshi unaingia ndani!"

Mtoto alipokwisha kutolewa, fundi aliketi juu ya kreti. Angeweza kusema amesahau, uzee ungemtetea. Neno lilifika ncha ya ulimi, akalimeza.

"Mwanangu, sikukusikia. Hata huo mlio sijausikia. Huu mwaka wa pili."

Binti alimkodolea macho. "Na simu zangu zote?"

"Nilikuwa nabahatisha."

"Kumbe! Ndiyo maana nilikuambia jirani yangu amefariki, ukasema hongera."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka alikuwa baba, na wa kwanza kufuta machozi alikuwa binti.

"Basi niazime masikio yako," fundi alisema.

Bomba lilipopoa alilaza turubai, akaliinua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi. Binti akalala kando yake, gauni la safari na yote. Fundi akagonga bomba kwa ngumi, shibiri kwa shibiri.

"Hapa?"

"Kimya."

Akagonga sailensa, lile kopo kubwa la kupunguza kelele. "Na hapa?"

"Panachakacha. Kama changarawe kwenye mkebe."

"Vyuma vya ndani vimeng'oka. Hiyo ndiyo kelele. Sasa tutafute kinachomuumiza mtoto."

Binti aliwasha injini, akashikilia tambara zito mdomoni mwa bomba ili moshi usukumwe kwenye tundu lolote linalovuja. Fundi alilowesha kiganja, akakipitisha taratibu kando ya maungio bila kuyagusa. Chini ya kiti cha mtoto, pumzi ya moto ikamlamba. Hapo palikuwa na masizi meusi kama wanja.

Stoo yake ilikuwa na sailensa nzima aliyoing'oa kwenye gari la aina hiyohiyo. Waliifunga pamoja, wakabadilisha gasketi ya kuziba maungio na kibanio chake. Mchana ulipita, safari ikasogezwa hadi kesho bila mtu kuitaja. Nati ya mwisho aliikaza binti, na baba hakurudia kuijaribu.

Gari lilipowashwa, fundi alisimama kwenye dirisha la binti.

"Nieleze unachosikia."

Binti alisikiliza kwa muda, macho yakiwa kwenye dashibodi, akaanza kusema. Kisha akanyamaza, akageuza uso wake wote kumwelekea baba, akaanza upya, neno moja baada ya jingine.