Beseni la Mama Mdogo

"Tangu nizaliwe sijafiwa na mmea hata mmoja," Bibi Cherehani alimwambia mjukuu wake, akijipiga kifua kama bondia. Kisha akaongeza, "Ni kweli sijawahi kupanda. Lakini rekodi ni rekodi."

Mjukuu hakucheka. Alikuwa amekaa kizingitini na beseni lililopasuka, analijaza udongo kwa kijiko. Alikuwa na umri ule wa kung'oka meno ya mbele, na maneno yake yalipita kwenye pengo yakiwa na upepo.

"Bustani ya mama mdogo haiwezi kufa," alisema. "Yeye mwenyewe si atakuwa anaimwagilia?"

"Haya, mke mwenzangu. Mgeni aje apewe jembe," Bibi akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Chanzo cha beseni kilikuwa neno. Mama wa mtoto huyu aliugua muda mrefu, na kila Bibi aliporudi kutoka kumtazama hospitali, jirani yake muuza mkaa aliegemea dirishani kuuliza hali. "Mwenzangu, amekuwa mdogo!" Bibi angejibu. "Kila nikienda nakuta kapungua. Ipo siku nitamkosa kitandani, nianze kumtafuta chini ya mto." Bibi ndivyo alivyoumbwa. Huzuni ikimbana, utani unamtoka kama chafya. Wala hakuangalia chini ya meza ya kukatia nguo, ambako mtu alikuwa akicheza na vipande vya vitambaa, masikio wazi.

Mama akafariki. Siku ya mazishi mtoto alipelekwa kushinda kwa watu, akaambiwa mama bado anatibiwa. Bibi ndiye aliyekata shauri. "Tutamwambia akishazoea," alisema. Azoee nini, na hajaambiwa kitu? Watu walikuwa wamechoka, hakuna aliyeuliza.

Mwaka ukazunguka. Mwana wa Bibi, baba wa mtoto, dereva wa malori ya safari ndefu, akapiga simu kwamba amepata mwenza. "Mama, mwandae mtoto. Mwambie yote mawili, la mama yake na la huyu. Ila usitamke mama wa kambo, litamtisha. Sema mama mdogo."

"Niachie mimi. Ulimi wangu umewahi kukwama lini?"

Kweli haukukwama. Uliteleza. Katika yale mawili Bibi alisema moja, lile jepesi: "Baba yako anakuletea mama mdogo."

Mtoto hakuwahi kuwa na mama mdogo. Kwao mama yake alizaliwa peke yake, na baba hakuwa na mdogo wa kiume ambaye mkewe angeitwa hivyo. Neno lilikuwa jipya kwake, linang'aa. "Mdogo kiasi gani?" akauliza.

Bibi alikuwa akipinda suruali ya mteja, pini mdomoni. "Wa kuenea kwenye beseni," akajibu, akacheka peke yake.

Ndipo beseni likaonekana kizingitini. Bibi alidhani ni mchezo wa kumpokea mgeni, na mchezo wenyewe ukamnogea. Walibandua ukutani ule uoto laini wa kijani unaoota pale bomba linapovuja, wakautandika uwe majani. Vifungo vya shati vikawa njia ya kuingilia, vyeupe upande huu, vyeusi upande ule. Bibi akakata mlango kwenye kopo la siagi, akalipindua likawa nyumba, akalitia pazia la lesi iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja aliyeongezeka unene kabla ya siku yake. Subana, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni asijichome sindano, kikawa ndoo ya kisimani. Kisima chenyewe kilikuwa kizibo cha soda. Vijiti vya meno vikawa ua.

"Hee!" muuza mkaa alisema dirishani. "Mwenzangu umeanza kucheza baba na mama uzeeni? Baba yuko wapi?"

"Alikufa kwa kuulizwa maswali."

Muuza mkaa akacheka mpaka akashika fremu, akaiacha na alama za vidole vyeusi. Mtoto yeye alikuwa kazini. Alikuwa ametoa njiti zote kwenye kiberiti apate kitanda.

"Bibi, nikatie shuka. Kwenye gauni la mama."

"Vitambaa vimejaa hapa. Chukua hiki chenye maua."

"Hapana. La mama, lile la kijani. Alizoea kulala nalo. Akiwa mdogo ataogopa mahali pageni, lakini akinusa atajua ni kwetu."

Mkono wa Bibi ukasimama juu ya gurudumu la cherehani. "Nani ataogopa?"

"Mama." Mtoto alimtazama kwa subira, kama wakubwa wanavyowatazama wazee wanaosahau. "Si ulisema anapungua? Sasa amemaliza kupungua, baba anamleta. Mama mdogo."

Muuza mkaa akaacha kucheka. Akatoka dirishani taratibu, akaenda zake.

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Bibi alipaona, kama unavyokiona kituo kinakupita nawe umekaa garini. Alifungua mdomo. Kilichotoka ni hiki: "Basi tukate na foronya."

Akalitoa gauni sandukuni. Alikuwa amewakatia nguo watu wa kila namna, wanene, vibiongo, maiti pia, na mkasi haukuwahi kwenda kombo. Siku hiyo alikata shuka lisilozidi kiganja, na likaenda upande. Mtoto akalinusa, akalitandika, akalipiga-piga likae sawa.

Tangu hapo Bibi hakutania tena. Alitumikia. Alipanda vichipukizi alivyoomba huku na kule, na vyote vikafa. Vya kwanza vilikufa kwa maji mengi, vya pili kwa kunyimwa maji ili visizame. Mtoto akipiga usingizi wa mchana, Bibi aling'oa vilivyonyauka, akachomeka vibichi alivyoviiba kwenye makopo ya maua ya muuza mkaa. Mtoto akiamka anakuta bustani imechangamka.

"Unaona? Inamsubiri," angesema.

"Naona," Bibi angejibu, kucha zimejaa udongo wa watu.

Mwanawe alipiga tena. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Mwanangu, huniamini mimi niliyekuzaa?"

Na mwana, kwa kuwa naye hakutaka kusema, akaamini.

Wakafika asubuhi ya Jumamosi, lori limeachwa barabara kuu. Mtoto alikuwa ameoga bila kulazimishwa. Aliwakimbilia hadi katikati ya uwanja, akasimama. Akamtazama mwanamke aliyefuatana na baba, mrefu, mnene kiasi, mkoba begani. Akampita. Akatazama mfuko wa shati la baba. Baba alikuwa amebeba kiboksi cha viatu, na mtoto akakipokea kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu anayepokea yai. Akafunua kifuniko.

Ndani vilikuwa viatu vyekundu.

"Ni vyako," baba alisema. "Huvipendi?"

"Yuko wapi?"

"Nani?"

Bibi akaingia kati haraka. "Mpokee mgeni kwanza. Huyu ni rafiki ya baba, amepita kutusalimia tu."

Yule mwanamke alikuwa akimwamkia, "Shikamoo mama," akaikatisha salamu. Akamgeukia mwanamume. Kisha akachutama mbele ya mtoto, akajaribu kutabasamu. "Mimi ndiye mama mdogo. Bibi hakukwambia?"

Mtoto alimpima kwa macho kutoka miguuni hadi kichwani, ikachukua muda. "Lakini wewe ni mkubwa."

"Wapo wengi," Bibi akadakia. "Mama wadogo ni wengi, mke mwenzangu. Huyu ni mmoja. Yule wetu yuko njiani."

"Yupi wenu?" mwanawe akauliza, sauti imeshuka. "Mama. Ulisema umemwambia."

Mtoto akaliweka boksi chini. Akaja, akamshika Bibi kidole kimoja, akamvuta, wakapita beseni, wakapita dirisha la cherehani, mpaka ukingoni mwa barabara.

"Nionyeshe njia."

"Njia gani?"

"Ile aliyopo mama. Anatokea huku au kule?"

Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Bibi akanyoosha mkono kushoto. Akaurudisha. Akaunyoosha kulia, na njiani mkono ukaanguka wenyewe.

Mtoto aliufuata mkono ule kwa macho hadi ulipotulia. Hakulia, hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemnong'oneza mwenzake kwamba kifungo chake kiko wazi.

"Bibi," akasema, "unadanganya."